Mfalme wa Miaka Mitano

Karatasi ya kura ina jina moja tu. Wapiga kura ni tisa, na kila mmoja wao ni mfalme kwao. Hawaulizwi nani anafaa kuliko nani. Wanaulizwa kama huyu aliyetajwa anafaa au hafai. Wote wanatumia kalamu na wino wa aina moja ili mwandiko usimfichue mtu, na karatasi hazitiwi namba. Kura tano zikikubali, Malaysia imepata mfalme wake, atakayekaa miaka mitano kisha arudi kwao. Karatasi zinateketezwa.

Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka, na kila nikilieleza watu wanadhani nimelitoa kwenye hadithi. Mjomba wangu wa Bukoba, mtu aliyelelewa kwenye masimulizi ya Bakama, wafalme wa jadi wa Buhaya, alinikata palepale: "Mjomba, mfalme anayepigiwa kura si mfalme. Huyo ni mwenyekiti wa kikao." Hoja yake si nyepesi, na nimeandika haya kumjibu yeye na wengine wanaofikiri kama yeye. Ninachoamini ni kwamba nguvu za mfalme wa Malaysia, anayeitwa Yang di-Pertuan Agong, au Agong kwa kifupi, hazitokani na zile kura tisa. Zinatokana na vitu anavyolazimika kuviacha mlangoni kabla hajaingia kasri.

Lakini kwanza tuone masultani tisa walifikaje hapo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walirudi Malaya, nchi iliyokuja kuwa Malaysia, wakiwa na mpango wa kuunganisha dola zote ndogo za masultani chini ya serikali moja ya kikoloni. Aliyetumwa kuzunguka na hati za kusainiwa, mwishoni mwa 1945, alikuwa Sir Harold MacMichael. Wasomaji wa Tanzania watajali kujua kwamba huyu ndiye aliyekuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Alikwenda kasri kwa kasri, na masultani wote wakasaini. Raia wao walipogundua kilichosainiwa, walikasirika kwa namna ambayo London haikuitarajia. Tarehe 1 Aprili 1946, Muungano wa Malaya ulipozinduliwa rasmi, masultani hawakutokea kwenye sherehe. Mpango ule haukumaliza miaka miwili. Mwaka 1948 ukabadilishwa na Shirikisho lililowarudishia masultani hadhi yao.

Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, tume ya katiba iliyoongozwa na Lord Reid ilikuta wafalme tisa ambao wananchi walikwisha kuonyesha kwamba hawataki kuwapoteza. Wafalme hao wenyewe hakuna aliyekuwa tayari kumpigia magoti mwenzake. Nchi moja ilihitaji mkuu mmoja wa dola. Ukimtawaza mmoja na kizazi chake milele, umewashusha wanane. Ukiwaondoa wote, umeirudia dhambi ya MacMichael. Jibu lililopatikana halikutoka hewani, kwa sababu Negeri Sembilan, mojawapo ya zile dola tisa, ilikuwa na desturi yake ya siku nyingi: wakuu wanne wanaoitwa Undang, wa Sungai Ujong, Jelebu, Johol na Rembau, hukutana na kumchagua mtawala kutoka ukoo wa kifalme. Mfalme wa kuchaguliwa hakuwa kitu kigeni pale.

Wa kwanza aliombwa Sultani Ibrahim wa Johor, aliyekuwa na zaidi ya miaka 80. Akakataa. Kura ikamwangukia mtawala wa Negeri Sembilan, Tuanku Abdul Rahman, na tarehe 31 Agosti 1957 Malaya ikawa huru. Sura yake ndiyo iliyomo kwenye noti za ringgit hadi leo. Wafalme wote waliomfuata wamepita, na noti hazijabadilisha sura. Yeye mwenyewe alifariki Aprili 1960 akiwa madarakani. Aliyechaguliwa baada yake, Sultani wa Selangor, alifariki tarehe 1 Septemba mwaka uleule, siku moja tu kabla ya kutawazwa rasmi. Nchi ya miaka mitatu ilikuwa imeshazika wafalme wawili na kumchagua wa tatu, na mzozo haukutokea. Kwenye falme nyingi za urithi nilizozisoma, vifo viwili mfululizo vya namna hiyo vingetosha kuwagombanisha ndugu kwa kizazi kizima.

Nani anafuata? Katika mzunguko wa kwanza, hadi 1994, walifuata kwa kadiri ya nani alitangulia kukalia kiti kwao, huku wengine wakipitwa au kukataa. Mzunguko ulipokwisha, mpangilio uliopatikana ukawa ndio zamu: Negeri Sembilan, Selangor, Perlis, Terengganu, Kedah, Kelantan, Pahang, Johor, Perak. Kisha mwanzo tena. Ndiyo maana karatasi ina jina moja. Hata hivyo kura si maigizo. Sheria inawaruhusu watawala kumruka mtu ambaye ni dhaifu wa mwili au akili, au kwa sababu nyingine yoyote wanayoiona wao, mradi watano wakubaliane. Januari 2019 zamu ilikuwa ya Pahang, na sultani wa Pahang alikuwa mzee na mgonjwa. Familia haikusubiri arukwe. Ikaamua mwanawe Abdullah akalie kiti, akawa sultani tarehe 15 Januari, akachaguliwa Agong tarehe 24, akaapishwa tarehe 31. Kedah nayo ilipofikiwa mara ya pili, mtawala wake alikuwa bado yuleyule: Abdul Halim, aliyekuwa Agong 1970 hadi 1975, akarudi mwaka 2011 akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Ni yeye peke yake aliyetawala mara mbili. Na mwaka 2024 aliyeapa ni Sultani Ibrahim wa Johor, kitukuu cha yule Ibrahim aliyekataa mwaka 1957.

Sasa nije kwenye vile vitu vya mlangoni.

Sultani akichaguliwa kuwa Agong, haruhusiwi kuendelea kuitawala dola yake ya nyumbani. Lazima amweke kaimu, mara nyingi mwanawe, na kaimu huyo ndiye anayesaini sheria za kule, ndiye anayekutana na waziri kiongozi wa kule. Kilichobaki mkononi mwa mwenyewe ni uongozi wa dini ya Kiislamu katika dola yake na mambo machache sana. Haruhusiwi kushiriki biashara yoyote. Haruhusiwi kukaa nje ya nchi zaidi ya siku 15 bila idhini ya Baraza la Watawala, yaani wale wafalme tisa, isipokuwa kwa ziara rasmi ya kiserikali. Hawezi kushika cheo kingine chenye malipo. Na Baraza hilohilo lililomchagua linaweza kumwondoa. Mwaka 2019 Muhammad wa Tano wa Kelantan alijiuzulu akiwa amekaa miaka miwili tu, wa kwanza kufanya hivyo, na sababu haikutangazwa. Ilihitajika barua tu kwa wenzake.

Hayo ya kaimu yanaonekana madogo, mambo ya itifaki. Mimi nayaona ndiyo uti wa mgongo wa mfumo mzima, na sikuyaelewa kutoka Kuala Lumpur. Niliyaelewa kutoka Kampala.

Mwaka 1963 Uganda ilibadili katiba yake ili impate mkuu wa dola badala ya Malkia wa Uingereza. Suluhisho lilifanana mno na la Malaya: rais wa heshima, wa miaka mitano, atakayetoka miongoni mwa wafalme na wakuu wa jadi. Aliyechaguliwa alikuwa Mutesa wa Pili, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, na makamu wake William Nadiope, Kyabazinga yaani mkuu wa jadi wa Busoga. Ukizisoma karatasi za nchi hizi mbili bila majina, unaweza kudhani ziliandikwa chumba kimoja. Mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, Tanganyika ilikuwa inafuta utawala wa machifu, na wazee wa Bukoba walibaki wanamtazama Kabaka akipanda wakati Bakama wao wanashuka.

Tofauti zilikuwa mbili, na zote ziliua. Ya kwanza, Mutesa alichaguliwa na wabunge, si na wafalme wenzake. Alitokana na mapatano ya vyama, chama cha Waziri Mkuu Milton Obote na kile cha Kabaka Yekka, na vyama vilipokosana hakuwa na baraza la rika zake la kumkinga wala la kumkanya. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Mutesa aliapa kuwa rais wa Uganda nzima huku akibaki Kabaka wa Buganda, na mamlaka yake ya Buganda hayakukabidhiwa kwa kaimu. Mtu mmoja, viapo viwili.

Mwaka mmoja tu ukapita. Tarehe 4 Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ambayo Waingereza walikuwa wameyatoa Bunyoro na kuipa Buganda, walipiga kura ya maoni na kuchagua kurudi Bunyoro. Sheria ya kulitekeleza hilo ilihitaji saini ya rais. Hebu fikiria meza ile. Rais wa Uganda alitakiwa kusaini, kwa sababu wananchi wameamua. Kabaka wa Buganda hakuweza kusaini, kwa sababu angekuwa anaikata ardhi ya mababu zake kwa mkono wake. Kalamu ni moja. Mutesa akakataa, Obote akasaini badala yake, na kuanzia pale hakuna aliyekuwa na shaka kwamba vyeo viwili haviwezi kukaa kwenye mwili mmoja. Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba. Mei Lukiiko, bunge la Buganda, likaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda, na tarehe 24 Mei jeshi, chini ya Idi Amin, likaishambulia kasri ya Mengo. Mutesa aliruka ukuta akatoroka kupitia Burundi hadi London, akafia huko 1969. Nimekua nikisikia habari ya ukuta ule ikisimuliwa jikoni na kilabuni, na siku zote msimuliaji anamlaani Obote au anamlaumu Kabaka, kutegemea ametoka upande gani wa Mto Kagera. Mara chache nimesikia mtu akiilaumu ile ibara ya katiba iliyompa mtu viapo viwili.

Malaysia iliepuka shimo hilo kwa sharti moja la ukaimu. Dola ya Pahang ikigombana na serikali kuu kuhusu ardhi, maji au misitu wakati Agong ni wa Pahang, anayesaini kwa niaba ya Pahang ni mwingine. Na zamu inahakikisha kwamba Pahang haitakaa pale kwa muda mrefu. Buganda ilikuwa ufalme mkubwa na tajiri kuliko wenzake wote, na kiti cha urais kilionekana ni chake. Perlis ni dola ndogo kuliko zote nchini Malaysia, na imeshatoa mfalme mara mbili.

Basi huyu mtu aliyevuliwa kila kitu anabaki na nini?

Kwa sehemu kubwa ya kazi yake anafanya anachoshauriwa na Baraza la Mawaziri. Ni amiri jeshi mkuu, lakini kwa ushauri. Anateua majaji, kwa ushauri wa Waziri Mkuu na baada ya kuwasikiliza watawala wenzake. Anafungua Bunge na kusoma hotuba iliyoandikwa na serikali. Muswada ukipelekwa kwake ana siku 30. Zikipita bila yeye kuridhia, unakuwa sheria hivyohivyo. Hilo la siku 30 lilitokana na mvutano mkali kati ya serikali ya Mahathir Mohamad na watawala mwaka 1983, na likakazwa 1994. Mwaka 1993 waliondolewa pia kinga ya kutoshtakiwa, ikaundwa mahakama maalumu kwa ajili yao.

Ila Katiba imemwachia mambo ambayo hashauriwi. Anamteua Waziri Mkuu: mbunge ambaye, kwa uamuzi wake mwenyewe, anaonekana kuungwa mkono na wabunge wengi. Anaweza kukataa ombi la kuvunja Bunge. Na anaweza kuitisha kikao cha watawala kinachohusu hadhi na stahili zao peke yake. Kwa zaidi ya miaka 60 mamlaka hizo mbili za kwanza zililala usingizi, kwa sababu muungano uleule wa vyama ulikuwa unashinda kila uchaguzi na hakukuwa na cha kuamua. Muungano ule ulianguka Mei 2018, na chini ya miaka miwili baadaye nchi ikajikuta inamtazama mtu ambaye haikuwahi kumtazama wakati wa shida.

Februari 2020 Mahathir, aliyekuwa amerudi kuwa Waziri Mkuu, alijiuzulu ghafla. Bungeni kulikuwa na viti 222 na hakuna aliyejua nani yuko na nani. Agong Abdullah akawaita wabunge kasri, mmoja mmoja, kwa siku mbili, kila mtu aseme mbele yake anamtaka nani. Nilizifuata habari zile hadi usiku wa manane. Magari yaliingia na kutoka kwenye lango la Istana Negara, kasri ya Agong, waandishi wamejipanga nje, na ndani mfalme anafanya kazi ambayo karani wa Bunge angeifanya kwa saa moja kama Bunge lingekaa. Tarehe 1 Machi akamwapisha Muhyiddin Yassin.

Wengi walidhani mfalme amempa Muhyiddin nchi. Oktoba ile wakajua sivyo. Muhyiddin, mwenye wingi mwembamba sana bungeni na bajeti ikimkabili, alikwenda kuomba hali ya hatari itangazwe kwa sababu ya korona. Hali ya hatari ingelifunga Bunge. Agong akawaita watawala wenzake, wakazungumza, na tarehe 25 Oktoba 2020 kasri ikatangaza kwamba haoni haja. Bajeti ikaenda bungeni kama kawaida. Januari 2021 ombi liliporudi, maambukizi yakiwa juu, alilikubali, na Bunge likafungwa kwa miezi. Mimi bado naona kukubali kule kulikuwa na gharama kubwa. Lakini ule mwezi wa Oktoba ndio jibu langu kwa mjomba. Mwenyekiti wa kikao angekataliwa na wajumbe wake. Huyu alisema hapana kwa Waziri Mkuu mwenye serikali nzima mkononi, na hapana ikabaki hapana, kwa sababu hakuwa na chama, hakuwa anagombea muhula mwingine, na nyuma yake walikuwapo wengine wanane waliokuwa na hadhi sawa na yake.

Novemba 2022 uchaguzi mkuu haukumpa mtu wingi. Kambi ya Anwar Ibrahim ilipata viti 82 ukimhesabu na mshirika wake mdogo, ya Muhyiddin 73, na 112 ndiyo ilikuwa inahitajika. Agong aliwaita wote wawili akawataka waunde serikali pamoja. Muhyiddin akakataa. Tarehe 24 Novemba, baada ya kikao na watawala, Anwar akaapishwa. Alikuwa amefukuzwa unaibu waziri mkuu mwaka 1998, akafungwa, akatoka, akafungwa tena. Anayesema mfalme ndiye aliyemweka Anwar anasahau kilichofuata: Desemba 19 Anwar alikwenda mwenyewe bungeni kuomba kura ya imani, akaipata kwa sauti za wabunge. Ningetamani hilo liwe sharti, si hiari. Mfalme ahesabu vichwa pale tu Bunge linaposhindwa kukaa. Likikaa, kuhesabu ni kazi yake lenyewe, mchana, mbele ya kamera.

Liko eneo moja ambalo siwezi kuutetea mfumo huu hata nikijaribu, nalo ni msamaha. Anwar mwenyewe aliwahi kufunguliwa mlango kwa njia hiyo. Tarehe 16 Mei 2018, wiki moja baada ya uchaguzi, Agong wa wakati ule alimsamehe kabisa, na bila msamaha ule asingerudi bungeni. Wengi tulifurahi, nami nilifurahi. Lakini kalamu ileile ilifanya kazi nyingine mwishoni mwa Januari 2024, siku za mwisho kabisa za Agong Abdullah. Bodi ya Msamaha anayoiongoza Agong ilikaa, na tarehe 2 Februari, mfalme mpya akiwa ameshaapa, ikatangaza kwamba kifungo cha Najib Razak, Waziri Mkuu wa zamani aliyetiwa hatiani katika kesi iliyohusu fedha za SRC International, kampuni iliyokuwa tanzu ya mfuko wa umma wa 1MDB, kimepunguzwa kutoka miaka 12 hadi 6. Faini ya ringgit milioni 210 ikashushwa hadi milioni 50. Tangazo lilitaja namba hizo na tarehe ya kutoka, 23 Agosti 2028. Sababu halikutaja hata moja. Najib ni mtu wa Pekan, Pahang, dola ya mfalme yule.

Sidai kwamba ukaribu huo ndio ulioamua. Ninachosema ni kwamba raia hana njia ya kujua, na hapa sharti la kuacha vitu mlangoni limetoboka. Ukaimu unamzuia Agong asiiamulie dola yake mambo ya ardhi. Haumzuii kumwamulia mtu wa dola yake mambo ya kifungo. Dawa ninayoiona haihitaji kumnyang'anya mamlaka. Bodi ichapishe sababu zake, kila mara, kwa kila mfungwa, awe waziri mkuu au kibarua. Na aombaye msamaha akiwa ni mzaliwa wa dola ya Agong aliyepo, kiti cha bodi siku hiyo akikalie naibu wake, ambaye naye huchaguliwa na wale tisa na hutoka dola nyingine. Kwa Agong wa sasa wa Johor, naibu huyo ni Sultani Nazrin wa Perak.